Gari ya juu siyo lazima iwe na nafasi: tunavyodanganyana kuhusu siti za SUV na saluni

Mwaka juzi tulitoka Igoma, Mwanza, asubuhi kwenda Bunda kupeleka mahari ya mdogo wangu, gari mbili, saluni yangu, yaani gari ya chini yenye buti lililotengwa, na kale kagari ka juu kafupi ka shemeji, hizi tunazoziita SUV. Mama bila kuuliza akapanda kwa shemeji, nyuma, "mi nakaa kwenye gari kubwa", haya. Hatujafika hata Magu simu inaita, "baba simama, miguu imekufa ganzi". Naenda kumtoa nakuta magoti yamegandamana na mgongo wa siti ya mbele, maana mbele alikaa mjomba na yule ni mrefu kweli kweli, kasogeza siti mpaka mwisho. Akahamia kwangu, akavua kandambili, akanyoosha miguu, kufika Lamadi anakoroma. Shemeji mpaka leo anasema mama alikuwa amechoka tu.

"Gari ya juu ina nafasi kuliko ya chini." Hii ndo kubwa kuliko zote na karibu kila mtu anaiamini. Urefu wa kwenda juu unakupa nafasi ya kichwa, basi. Nafasi ya miguu kwa kiasi kikubwa inatokana na umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma na jinsi waliotengeneza walivyoigawa hiyo sehemu ya katikati. Chukua SUV kama RAV4 ya milango mitano ile ya 2000 mpaka 2005, huo umbali ni sentimita 249. Premio, ambayo ni saluni, ni 270. Mark X, saluni nyingine, ni 285, na hapa watu huwa wananibishia mpaka wafungue simu, Land Cruiser ile ya 200 tunayoiita V8 nayo ni 285, hiyo hiyo! Sisemi ndani Mark X ni sawa na V8, V8 ni pana balaa na ina siti ya tatu, nasema tu kwamba kuiangalia gari kwa nje ukiwa umesimama barabarani pale Buzuruga hakukwambii magoti yako yatakaa wapi.

"Nyuma ya SUV wanakaa watatu bila kubanana." Inategemea upana, na upana hauna uhusiano na gari kuwa juu. Rush, ambayo ni SUV ndogo, na Premio zote zina sentimita 169.5, sababu Japani gari ikizidi upana wa mita 1.7 inahama kwenye kundi la gari ndogo, kwa hiyo nyingi zimebanwa hapo hapo. Mabega matatu ya Kisukuma yaliyoshiba kwenye Rush yatabanana vile vile kama kwenye Premio. Harrier ile ya kuanzia 2003 hapo sawa, ina 184.5, unaona tofauti kabisa. Ila na saluni nazo zina lao, Crown na Mark X zinasukumwa na tairi za nyuma kwa hiyo katikati chini pana kibiongo kirefu, anayekaa katikati anapanua miguu kama amepanda baiskeli, na siku zote huyo ni mdogo wenu wa mwisho.

Kupanda na kushuka hapo SUV inashinda na sibishi. Makalio yanakutana na siti bila kuinama, bibi mwenye magoti mabovu au mama aliyefunga kitenge anakaa kama kwenye kiti cha sebuleni, wakati saluni unajitupa halafu kutoka unatafuta mkono wa kukuvuta. Lakini siyo SUV zote, hizi zilizojengwa juu ya chasi, yaani fremu ya chuma, kama Prado sakafu yenyewe iko juu, kwa hiyo mama anahitaji ngazi, na ukienda siti ya tatu miguu inapanda, unakaa magoti yako kifuani. Ile siti ya tatu ya Vanguard nayo ni ya watoto jamani, tusidanganyane, ukimpeleka mtu mzima huko umemkosea.

Sasa kuna hii ya "SUV haichoshi barabara mbovu". Nusu kweli. Kugonga chini haigongi ovyo, tairi lina nyama nene na springi ina nafasi ya kucheza, njia zile za mawe za kupanda milimani huku Mwanza saluni inalia chini kila siku. Ila kadri unavyokaa juu ndivyo gari ikiyumba kichwa chako kinavyotembea zaidi, kulia kushoto, na ikiwa fupi inanyanyuka mbele inanyanyuka nyuma kama mtumbwi ziwa likichafuka. Watoto ndo wanaanza kutapika hapo. Kwenye lami ya kwenda Shinyanga saluni ndefu inatulia kuliko nyingi za juu.

Buti. Nilishawahi kuazima SUV nikapitia sokoni Mwaloni Kirumba nikabeba kiroba cha dagaa, nikasema buti ni kubwa shida iko wapi. Shida ni kwamba buti la SUV na siti ni chumba kimoja! Harufu ilikaa kwenye kitambaa cha dari wiki mbili na mwenye gari hajanisamehe vizuri. Saluni buti limetengwa, harufu inafika kidogo sana. Kwa friji au baiskeli lakini SUV ndo yenyewe, unalaza siti za nyuma, saluni hata buti likiwa refu mdomo wake ni mdogo.

Siti laini kama godoro siyo ndo nzuri. Dakika kumi za kwanza utasifia, masaa matatu baadaye umezama na kiuno kinauma, ngumu kidogo inayoshika mapaja ni bora. Siti ya leza, yaani ngozi, kwenye jua la saa nane hapa kwetu kila mtu anaijua. Fundi wa siti akikuongezea sponji ujue anakupunguzia nafasi ya kichwa, na siti kava za kubana kwenye gari yenye eabegi (mfuko wa hewa unaofunguka ajali ikitokea) ubavuni mwa siti zinaweza kuizuia isifunguke, angalia kama kuna kile kitambulisho kimeandikwa airbag pembeni.

Ukienda yadi usikae kwa dereva ukashika usukani ukafurahi. Rekebisha siti ya dereva kwa urefu wako wewe, shuka, kaa nyuma yake na viatu vyako vya kila siku, funga mlango, kaa robo saa. Dalali ataanza kuangalia saa, muache aangalie.