Paparazi siyo kila mwenye kamera

Juzi tena nimemsikia MC anamtambulisha jamaa aliyekodiwa kupiga picha za shughuli, eti "huyu ndo paparazi wetu rasmi", na ukumbi mzima ukapiga makofi. Paparazi rasmi! Jamani hicho kitu hakipo, ni sawa na kusema jambazi mwalikwa.

Maana yake fupi tu: paparazi ni mpiga picha anayejitegemea, anawawinda watu maarufu wakiwa kwenye mambo yao binafsi, bila kualikwa na mara nyingi bila wao kutaka, halafu picha anamuuzia anayelipa zaidi.

Neno lenyewe lina stori tamu. Limetoka kwenye sinema ya Federico Fellini ya 1960, La Dolce Vita, ambayo ndani yake kuna mwandishi wa habari za umbea anazunguka Roma na mpiga picha anayeitwa Paparazzo. Ni jina la mtu kabisa, jina la ukoo. Ennio Flaiano, mmoja wa walioandika ile sinema, alieleza kuwa walilitoa kwenye kitabu cha safari cha Mwingereza George Gissing cha 1901, humo kuna mwenye hoteli wa Catanzaro, kusini mwa Italia, anaitwa Coriolano Paparazzo, na shida ya huyo mzee ilikuwa wageni wanalala kwake halafu wanaenda kula kwingine, mpaka akabandika tangazo la kulalamika. Yaani mtu aliyekuwa anawabembeleza wageni wasimkimbie, jina lake leo wamepewa watu ambao kila staa anawakimbia! Fellini naye aliupenda mlio wa hilo jina, alisema unamkumbusha mdudu anayevuma na kuuma. Na wadudu wenyewe walikuwepo kweli, wapiga picha akina Tazio Secchiaroli, waliokuwa wanavizia mastaa usiku pale Via Veneto, mtaa wa starehe wa Roma.

Kiitaliano mmoja ni paparazzo, wengi paparazzi. Sisi tumechukua wingi tukaufanya umoja, tukapachika na ma- mbele, mapaparazi, na wapo wanaokasirika kwa hilo. Mimi halinisumbui hata kidogo, neno likishahamia kwetu litavaa nguo za kwetu.

Kinachoniudhi ni kuwaita mapaparazi wale waliosimama kwenye zulia jekundu na beji shingoni. Wale wamealikwa, wamepangiwa pa kusimama, staa anawageukia kushoto na kulia mwenyewe, kuna mtu kabisa kazi yake ni kuwapanga. Paparazi yuko juu ya mti. Ron Galella, huyo wa Marekani, alimfuata Jacqueline Onassis, mjane wa Rais Kennedy, mpaka mahakama ikaamuru akae mbali naye, na 1973 mwigizaji Marlon Brando alimpiga ngumi akamvunja taya na kumng'oa meno, na bado jamaa alirudi kumfuata Brando, safari hiyo kavaa helmeti. Huyo ndo paparazi. Halafu kuna usiku wa 31 Agosti 1997, Paris, gari la Princess Diana likifuatwa na wapiga picha wa hivyo mpaka ajali. Dereva alikuwa amelewa, ni kweli, lakini jopo la uchunguzi Uingereza mwaka 2008 lilitaja uendeshaji wa hovyo wa dereva huyo na wa magari yaliyokuwa yanawafuata pia. Ukijua hayo utaona kwa nini sipendi neno hili litumike kama sifa ya kumpamba kijana wa watu aliyekuja na kamera yake kutafuta riziki.

Na mastaa nao wamezidi. Mtu anapost picha katoka na mpenzi mpya, mwanga mzuri, meikapu haijaguswa na jasho, miwani imekaa sawasawa, halafu chini anaandika "mapaparazi hawaniachi nipumue". Dada yangu, unamtazama mpiga picha usoni, kidevu umekishusha, mguu mmoja umeutanguliza, hapo nani kamvizia nani? Picha ya kuviziwa tunaijua, mtu katafuna nusu mdomo wazi na mkono uko njiani kuziba lenzi.

Kwa hiyo yule kijana wa kwenye shughuli mwite mpiga picha, ni cheo kamili na kinamtosha. Na staa aliyepiga simu mwenyewe kusema atatoka mlango gani na saa ngapi, ile picha yake ina jina tayari na sote tunalo mdomoni, inaitwa kiki.