Filamu huru ya kutisha ya kidini: maana yake, na kwa nini watazamaji wake hawapatani

Filamu huru ya kutisha ya kidini ni filamu iliyotengenezwa nje ya studio kubwa, kwa fedha za mtayarishaji mwenyewe au za wadhamini wachache, na ambayo hofu yake inachipuka ndani ya dini: kupagawa na pepo, nadhiri iliyovunjwa, muujiza unaotia shaka, kiongozi wa kiroho ambaye ni chui aliyevaa ngozi ya kondoo. Msalaba ukutani hautoshi kuifanya filamu iwe ya kidini. Mimi hujiuliza hivi: nikiitoa dini yote, hadithi itabaki imesimama? Ikibaki, basi hiyo ni filamu ya kutisha ya kawaida iliyopambwa kwa misalaba.

Neno "huru" halisemi lolote kuhusu ubora. Linasema nani mwenye uamuzi wa mwisho. Na "bajeti ndogo" ni neno la kulinganisha: Hollywood, dola milioni 4 ni fedha kidogo, ilhali Paranormal Activity ya mwaka 2007 ilipigwa kwa takriban dola 15,000 ndani ya nyumba ya mwongozaji wake, Oren Peli.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuona kwa nini dini na hofu zinakaa jirani. Mtu wa dini tunamwita mcha Mungu, na kitenzi "kucha" kinabeba hofu na heshima kwa pamoja. Kicho si woga wa simba. Ni ile hali ya kusimama mbele ya kitu kikubwa kuliko wewe, kinachokujua ndani nje. Filamu nzuri ya aina hii inaigusa hali hiyo, kisha inauliza swali moja baya sana: itakuwaje ikiwa aliyeitika sala si yule uliyemwomba?

Ndiyo maana waongozaji wasio na fedha wanaikimbilia. Imani inawapa bure vitu ambavyo wengine wanavinunua. Fikiria chumba kimoja, mshumaa mmoja, mwanamke amepiga magoti anasali kwa sauti ya chini. Kamera haisogei. Anafika katikati ya sala, ananyamaza kidogo kuvuta pumzi, na sauti nyingine, ya chini kama yake, inaendelea na neno linalofuata. Hapo hakuna damu wala zimwi la kompyuta. Anayeijua sala ile husisimkwa mwili, kwa sababu neno lile alikuwa nalo mdomoni. Asiyeijua atasubiri kitu kitokee, na kwake hakijatokea kitu.

Hapo ndipo maoni yanapoanza kugawanyika. Mtazamaji wa filamu hizi anajibu mojawapo ya maswali matatu, na mara nyingi hasemi ni lipi. La kwanza: nimeogopa? La pili: imetengenezwa vizuri? La tatu: imeitendea haki imani? Mmoja anatoa nyota moja kwa sababu hakushtuka hata mara moja. Mwingine anatoa nyota moja hiyohiyo kwa sababu aliogopa kweli, akaona filamu imempa shetani ushindi. Alama ni ile ile, ila mashtaka yanapingana kabisa.

Tukumbuke pia kwamba kushtuka si kuogopa. Mlango ukibamizwa ghafla kila mtu ataruka, hata paka. Hofu inakuja baadaye, taa zikishazimwa. Aliyezoea filamu za kushtua akiketi mbele ya filamu inayojenga kicho polepole, atasema "haitishi", na hadanganyi.

Mifano miwili ya Marekani inaonyesha jambo hili kwa uwazi. The Devil Inside, inayohusu utoaji pepo na inayojifanya mkanda uliopigwa na wahusika wenyewe, ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 1. Ilipotoka Januari 2012 iliingiza zaidi ya dola milioni 33 katika wikendi yake ya kwanza nchini humo. Watazamaji waliohojiwa na CinemaScore, kampuni inayowapa watu kadi za kutoa alama filamu inapoanza kuonyeshwa, waliipa F, alama ya chini kabisa. Kilichowaudhi zaidi ni mwisho: hadithi inakatika ghafla, kisha yanatokea maandishi ya kuwaelekeza kwenye tovuti wakaujue mkasa zaidi. Mtu amelipa kiingilio, halafu anaambiwa mwisho uko mahali pengine. Kwa maoni yangu hasira ile ilikuwa ya haki.

The Witch ya Robert Eggers ni kinyume chake. Ilioneshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, mwaka 2015 na kumpa Eggers tuzo ya uongozaji, na wahakiki wengi sana wakaisifu. Watazamaji wa kawaida, katika kura ileile ya CinemaScore, waliipa C-. Inahusu familia ya Wapuriti, Waprotestanti wa msimamo mkali, wa karne ya 17 inayomeguka kwa hofu ya dhambi, na inakwenda taratibu, kwa Kiingereza cha zamani. Waliokuja kutafuta mchawi wa kuwarusha vitini waliona wamepunjwa. Waliokuja na kumbukumbu ya kulelewa ndani ya hofu ya jehanamu walitoka kimya.

Kwa hiyo wastani wa nyota unapotosha kuliko unavyofundisha. Watu 10 wakitoa alama, watano wakatoa 9 na watano wakatoa 1, wastani ni 5, na hakuna hata mmoja aliyeiona filamu kuwa ya kati. Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, nayo husomwa vibaya: ni sehemu ya wahakiki walioipenda filamu, haipimi waliipenda kiasi gani. Kwa filamu ndogo kuna tatizo jingine, kura chache. Zikiwa 20, na 14 kati yake ni za alama 3, jamaa sita wa waigizaji wakitoa 10 wanatosha kuuvuta wastani hadi 5.1. Mimi huanza na maoni ya nyota za katikati. Aliyetoa nyota hizo ameona kasoro na uzuri, na kwa kawaida ameeleza vyote viwili.

Kuhusu ufundi nitasema neno moja tu: sauti. Picha yenye giza mtazamaji anaisamehe, hata huiona kama mtindo. Maneno yanayorudi mwangwi kama yamesemwa chooni hayasamehewi, na filamu nyingi za bajeti ndogo zinaanguka hapo, kwenye kinasasauti kilichowekwa mbali na mdomo wa mwigizaji.

Swali la tatu, la imani, ndilo ninaloliheshimu zaidi, na ndilo wahakiki wengi wanalipita. Mkatoliki anayejua sheria za Kanisa atakwambia kwamba padri hawezi kuamua tu usiku mmoja kwenda kutoa pepo. Kanuni ya 1172 inadai ruhusa maalumu na ya wazi ya askofu wa mahali. Mwongozaji anaweza kuliona hilo kuwa jambo dogo la makaratasi. Kumbe angelijua, angepata onyesho lisilomgharimu kitu: padri ameketi kando ya simu akisubiri jibu la askofu, na kutoka chumba cha pili mtoto anamwita kwa jina la utoto wake, jina ambalo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuambiwa.