Ombi la Wakazi Likifika Barazani: Linapitia Wapi, Linakwama Wapi

Kuandika ombi la pamoja kwa viongozi ni haki inayolindwa na ibara ya 29 ya Katiba ya Uganda ya 1995. Hata hivyo barua nyingi hazipati jibu, na mara nyingi si kwa sababu madiwani wamekataa. Ama zimepelekwa ofisi isiyohusika, ama hazisemi baraza lifanye nini, ama hakuna aliyezifuatilia baada ya kupokelewa.

Jambo la kwanza ni kujua mlango wa kubisha. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, huko vijijini serikali kamili, zenye bajeti na zinazoweza kushtaki na kushtakiwa, ni gombolola, yaani tarafa ndogo ya wilaya (LC3), na wilaya (LC5). LC ni kifupi cha Local Council, yaani baraza la mtaa, na namba huonyesha ngazi yake. Kijiji (LC1) na muluka, yaani kundi la vijiji (LC2), ni ngazi za utawala tu. Kikao cha LC1, ambacho kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake, ni mahali pazuri pa kukubaliana na kuandika muhtasari, lakini mwenyekiti wake hana fungu la kutengeneza barabara. Njia ndogo zinazounganisha vijiji ni za gombolola, barabara za wilaya ni za wilaya, na barabara kuu ni za serikali kuu. Polisi na umeme pia si vya baraza, nalo likiombwa litapitisha azimio la kuwasihi wahusika tu. Mgogoro wa ardhi ya kimila kati ya majirani uanzie mahakama ya LC2. Na shauri ambalo tayari liko mahakamani, baraza halitalijadili.

Barua yenyewe itoshe ukurasa mmoja. Tuseme kisima cha pampu kimeharibika. Taja kijiji na muluka, kisima kilipo, tarehe kilipoharibika, nani aliarifiwa na alijibu nini, kisha ombi moja linalotekelezeka: "Tunaomba baraza limwagize afisa wa maji akikague kisima na kuleta makadirio ya ukarabati." Sentensi kama "tunaomba mtusaidie shida zetu" haimpi diwani chochote cha kupigia kura.

Saini ndizo zinazoharibu maombi mengi mazuri. Kichwa cha ombi kiandikwe juu ya kila karatasi ya saini. Karatasi isiyo na kichwa hutiliwa shaka kwamba ni orodha ya mahudhurio ya mkutano mwingine. Kila mtu aandike jina lake mwenyewe, kijiji chake, na saini au alama ya dole gumba. Mwandiko mmoja ukijaza mistari thelathini, ombi zima linapoteza heshima. Saini chache za kweli zina uzito kuliko mamia ya kubuni.

Elekeza barua kwa spika wa baraza, uiwasilishe kwa karani wa baraza wilayani au ofisi ya chifu wa gombolola, yaani mtendaji mkuu wa gombolola. Nenda na nakala mbili. Yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nawe usiondoke bila mhuri huo. Nakala nyingine mpe diwani wenu, kwani kwa kawaida diwani ndiye huliwasilisha ombi kikaoni, na sheria inamtaka afikishe maoni ya watu wake barazani na kuwarudishia taarifa ya maamuzi. Kumpa mkuu wa wilaya (RDC) nakala si kosa, ila yeye ni mwakilishi wa Rais, na barua iliyoishia kwake haijafika barazani.

Spika hulipeleka ombi kwenye kamati inayohusika. Kamati huwaita maafisa, pengine hutembelea eneo, kisha huripoti kwa baraza zima. Baraza la wilaya hukutana angalau mara moja kila miezi miwili, hivyo subira ya miezi kadhaa ni ya kawaida. Baada ya kikao, omba namba ya azimio katika kumbukumbu za mkutano. Anayetekeleza si diwani bali watendaji chini ya afisa mkuu mtendaji wa wilaya (CAO) au chifu wa gombolola, nao wataulizwa kwa namba hiyo. Baraza likishangilia ombi bila kupitisha azimio, mtendaji hana la kutekeleza.

Pesa nazo zina msimu wake. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na mikutano ya kupokea mapendekezo ya bajeti kwa kawaida hufanyika miezi mingi kabla, karibu na Oktoba au Novemba. Ombi la darasa jipya likiletwa Machi litaambiwa lisubiri, hata kama kila diwani analiunga mkono. Ukarabati mdogo unaweza kupata nafasi kwenye fungu la matengenezo, kwa hiyo tenganisha ombi la kukarabati na la kujenga.

Kimya kikizidi, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005: omba kwa maandishi ripoti ya kamati na kumbukumbu za kikao, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ukishuku kwamba fedha zimeliwa, peleka suala hilo kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali (IGG) pamoja na nakala yako yenye mhuri.