Tumbo Lililojaa Maji, Moyo Uliobanwa na Kifua Kikuu

Hapa Tanga, mgonjwa anayeletwa kwangu akiwa na tumbo lililojaa maji huwa amekwisha kuzunguka sana. Wengine hutoka Pangani, Muheza au Mkinga, wameshaambiwa kuwa ini limeharibika, na jamaa zao wamekwisha kunong'ona habari za kurogwa. Nikiwa daktari wa moyo, ninawaomba wenzangu wa zahanati na vituo vya afya jambo moja: kabla ya kulitia ini hatiani, itazameni shingo ya mgonjwa.

Kifua kikuu hakiishii mapafuni. Vimelea vyake huweza kuufikia utando unaouzunguka moyo, mara nyingi kutoka kwenye matezi ya kifuani yaliyo jirani. Utando huo una tabaka mbili, na baina yake huwamo majimaji machache, mililita 15 hadi 50, yanayouwezesha moyo kupiga bila msuguano. Utando ukishambuliwa, maji huongezeka, na mgonjwa hupata homa, jasho la usiku, kukonda na kubanwa na pumzi. Kwa baadhi ya wagonjwa maji hayo hukauka baadaye, tabaka zikashikana na kufanya kovu, na miaka ikipita chokaa hujijenga humo. Utando uliokuwa mwembamba na laini hukaza kama ngozi ya ngoma iliyowambwa.

Moyo uliobanwa namna hiyo kwa kawaida bado una nguvu za kusukuma damu, ila hauna nafasi ya kutanuka ili ujae. Damu inayorudi kutoka mwilini hukwama mlangoni, ini huvimba, na maji hujaa tumboni, mara nyingi kuliko miguuni. Ndiyo maana ripoti ya eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, inayosema tu kwamba moyo unasukuma vizuri hainiridhishi hata kidogo. Anayepima anapaswa kuambiwa kinachotafutwa, ili aangalie mshipa mkubwa unaotoka tumboni kama umetanuka, ukuta wa kati wa moyo kama unarukaruka, na mtiririko wa damu unavyobadilika mgonjwa anapovuta pumzi.

Shingo, hata hivyo, haihitaji mashine. Mgonjwa wa ini lililosinyaa kwa kawaida hana mishipa ya shingo iliyotuna. Huyu wetu anayo, na pengine imejaa hadi nyuma ya taya, kiasi kwamba akiwa amelala nusu wima kilele chake hakionekani na mpimaji hudhani hakuna kitu. Mketishe wima kabisa, kisha mwambie avute pumzi ndefu. Kwa mtu mzima wa afya mishipa hiyo hunywea. Kwa aliyebanwa moyo inaweza kuzidi kutuna, dalili aliyoieleza daktari Mjerumani Adolf Kussmaul mwaka 1873.

Tiba huanza na dawa za kifua kikuu, ambazo nchini mwetu hutolewa bure, kwa miezi 6, pamoja na kipimo cha VVU kwa kila mgonjwa. Kuhusu prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, utafiti ulioongozwa na marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town, uliochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha wagonjwa 1,400, ulionyesha kuwa haikupunguza vifo, lakini waliobanwa moyo walikuwa asilimia 4.4 kati ya walioipata, badala ya 7.8 kati ya wasioipata. Kwa wenye VVU, saratani zinazoambatana na maambukizi hayo ziliongezeka, hivyo kwao ninaitumia kwa tahadhari kubwa.

Dawa za kupunguza maji zinasaidia, lakini zikizidi, moyo ambao tayari haujai hukosa hata kile kidogo, na shinikizo la damu hushuka. Vilevile nawasihi wenzangu wasikimbilie dawa za kupunguza mapigo. Moyo huu hauwezi kuongeza kiasi cha damu kwa kila pigo, kwa hiyo kasi ndiyo tegemeo lake.

Ikiwa baada ya wiki 6 hadi 8 za dawa hakuna nafuu, au chokaa tayari inaonekana kwenye eksirei ya kifua ya ubavuni, ninampeleka mgonjwa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ili madaktari wa upasuaji waamue kama utando huo utabanduliwa. Ni upasuaji mzito, na hatari yake huwa kubwa zaidi kwa mgonjwa aliyekwisha kudhoofu na ini lake kuumia kwa kubanwa kwa muda mrefu, kwa hiyo rufaa isingoje tumbo litolewe maji mara ya tatu au ya nne.