Vikundi vya gwaride na dansi vya shule za Texas: dhana potofu na ukweli

Wengi huamini kwamba wasichana wanaocheza dansi kwa mistari iliyonyooka katika viwanja vya futiboli ya Kimarekani waliiga klabu za kulipwa, hasa Dallas Cowboys. Ukweli ni kinyume chake. Kikundi cha dansi cha Dallas Cowboys kilianza 1972, ilhali mwaka 1928 Gussie Nell Davis, mwalimu kijana wa elimu ya viungo, alikuwa amekwisha kuajiriwa katika Shule ya Sekondari ya Greenville, Texas, na kukabidhiwa wasichana wa kushangilia timu. Davis, ambaye awali alitamani kuwa mpiga piano, aliwashusha uwanjani, akawafundisha kutembea kwa mpigo wa muziki, kuzungusha fimbo na kucheza, nao wakajulikana kama Flaming Flashes. Ni kutokana na kazi hiyo ya sekondari kwamba Chuo cha Kilgore, pia cha Texas, kilimwita, na mwaka 1940 kikundi chake cha Rangerettes kikacheza kwa mara ya kwanza. Mkuu wa chuo, B. E. Masters, alitaka wasichana zaidi wajiunge na chuo, na pia alitaka watazamaji wabaki vitini wakati wa mapumziko ya mechi badala ya kwenda kunywa pombe.

Si kweli pia kwamba wasichana hawa wa dansi ndio wale wanaoongoza kelele za mashabiki kando ya uwanja; wao husubiri mapumziko, kisha huingia uwanjani na kucheza kwa muziki wa bendi.

Dhana inayoudhi zaidi ni kwamba kazi yao ni pambo tu. Katika mstari wa kurusha miguu, wasichana hushikana mikono na kuinua mguu hadi buti lifike usawa wa ukingo wa kofia, wote kwa mpigo mmoja. Anayechelewa kidogo tu huonekana kutoka jukwaa la juu kabisa. Tena, kabla ya sheria ya shirikisho ya 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, shule nyingi hazikuwa na timu za michezo za wasichana, kwa hiyo kwa wengi hii ilikuwa njia adimu ya kupata mazoezi makali na nidhamu ya timu.

Wala haikuwa nafasi iliyo wazi kwa kila msichana. Rangerettes hawakuwa na mwanachama Mweusi hadi 1973, miaka 33 baada ya kuanzishwa, Davis akiwa bado kiongozi wao.