Acheni kupaka rangi ukuta uliolowa

Wiki hii nimeitwa kutazama ukuta uliopakwa rangi ya kuzuia maji mara tatu. Mara zote imevimba na kubabuka, na mwenye nyumba anailaumu rangi.

Rangi isiyopitisha maji haichagui upande. Yaliyomo ndani ya tofali nayo yanakosa pa kutokea, basi yanapanda. Doa lililokuwa futi moja kutoka sakafuni utalikuta kwenye soketi.

Chanzo kwanza. Funga koki zote, soma mita, rudi baada ya saa mbili. Namba ikisogea, bomba linavuja. Doa likikua baada ya mvua, panda darini. Ukibaki na shaka, bandika nailoni ukutani, ziba kingo zote, iache siku mbili: matone upande wa chumbani ni mvuke wa hewa, upande wa ukuta yametoka ndani. Hayo ni mepesi.

Kinachonichosha ni ule unga mweupe mnaouita fangasi. Ni chumvi! Maji hupanda nayo kutoka ardhini na kwenye tofali. Yakikauka usoni pa ukuta, chumvi inabaki kama fuwele zinazokua ndani ya vitundu vya lipu mpaka inamomonyoka. Hata chanzo kikizibwa, baadhi ya chumvi hizo hunyonya unyevu wa hewani, ukuta unaloa upya, na fundi anaitwa mwongo. Kwa hiyo lipu iliyokunywa chumvi naibandua, sentimita 30 hadi 50 juu ya alama ya mwisho. Na msiuoshe huo unga kwa maji, jamani, mnaurudisha ndani. Brashi kavu.

Kipimo cha unyevu cha sindano mbili nacho hudanganyika hapohapo. Kinapima umeme unavyopita, na chumvi yenye unyevu kidogo tu huupitisha vizuri. Niliwahi kubandua lipu nzima kwa kuamini namba yake, nikairudishia kwa fedha yangu.

Mafundi tunasema ukuta hukauka milimita 25 kwa mwezi. Huwa naitaja nikibanwa, ila siiamini sana. Nimeona kuta mbili za unene mmoja zikipishana kwa miezi. Mara nyingine nimelaumu msingi, kumbe udongo ulirundikwa nje ukapanda juu ya ile nailoni ya kuzuia unyevu inayolazwa juu ya msingi. Koleo na toroli vikamaliza kazi.

Kesho nazunguka nyuma ya ule ukuta uliopakwa mara tatu. Nimeambiwa kuna kitalu kizuri cha maua.