Kuku aliyedonolewa hatibiwi kwa mafuta ya taa

Huku Pemba, kuku mgeni akidonolewa na wenyeji wa banda, wengi humpaka mafuta ya taa au majivu, kisha humrudisha palepale "wazoeane". Yote mawili yanamuumiza.

Mafuta ya taa huunguza nyama iliyo wazi, na kuku huyameza anapochambua manyoya yake. Majivu nayo hugandana na damu, uchafu ukabaki chini. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita. Mmwagie taratibu mpaka kidonda kitakate. Halafu funua manyoya ya pembeni mwa kidonda, utazame vijiyai vyeupe vya nzi vilivyoshikana. Kwa joto letu, funza hutoka ndani ya siku moja tu. Kidonda kikinuka, mwone daktari wa mifugo.

Kumrudisha mapema ndiyo hatari kubwa, tena naomba hili lizingatiwe. Wekundu wa damu huwavuta kuku. Akianza mmoja kudonoa, wengine hufuata, hata kumuua. Mfunike kwa tenga karibu na banda, waonane bila kugusana, mpaka kidonda kikauke na manyoya yaanze kukifunika. Mrudishe magharibi, wenzake wakishatulia kulala, na asubuhi uwahi kuwatazama.